Kitabu cha Watu Ishirini: Usomaji Unaofaa Ngara na Biharamulo



Mwaka 2006 wataalamu wa kilimo walithibitisha kwamba mnyauko wa migomba umeingia Tanzania. Ulionekana kwanza Muleba, hapa hapa mkoani Kagera, kisha ukaanza kuhama wilaya hadi wilaya. Ni ugonjwa wa bakteria. Majani hugeuka manjano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na tunda likikatwa katikati nyama yake huonekana ya kahawia. Shina likikatwa hutoa ute wa manjano. Dawa ya kuutibu haipo. Katika mkoa ambao mgomba ndio chakula cha leo, akiba ya kesho na rubisi, yaani pombe ya ndizi, ya harusi, habari hiyo ilikuwa sawa na kutangaza njaa.

Hata hivyo, kinga yake ni mambo ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kuyasoma akayaelewa. Tana la mwisho likishatoka, ua la kiume linaloning'inia kwenye ncha ya mkungu liondolewe mapema kwa mti wenye panda, kwa sababu wadudu hubeba bakteria kutoka ua hadi ua. Panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa jiki kabla ya kuhama kutoka shina moja kwenda jingine. Shina lililougua likatwe usawa wa ardhi. Miche isichukuliwe katika shamba lenye ugonjwa. Maelekezo hayo yanatosha kuchapwa kwenye karatasi moja, tena kwa Kiswahili.

Sasa afikiriwe mkulima aliyeisoma karatasi hiyo na kuishika neno kwa neno. Ameondoa maua na panga lake limeonja moto. Jumamosi jirani anakuja kuliazima, na kuazimana panga ni ujirani mwema, hakuna anayeukataa. Panga linaondoka safi, linakaa kwa jirani nusu siku, linarudi jioni. Jirani hakupata ile karatasi. Baada ya wiki chache majani ya mgomba wa kwanza yanalegea, na juhudi yote ya msomaji mmoja imepotea kwa kitu kilichopita mlangoni kikiwa kimeshikwa na mkono wa rafiki.

Hapo ndipo mhadhara huu unapoanzia. Mtu akiulizwa vitabu gani vinamfaa anayetaka kujiendeleza, kutunza mazingira na kufanya biashara kwa haki, kwa kawaida hutoa orodha ya majina. Orodha itakuja. Lakini mnyauko unatufundisha kuuliza kwanza nani atasoma pamoja na nani, maana katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za mkoa huu, elimu ya mtu mmoja haiwezi kuizidi nguvu elimu ya majirani zake.

Ziwa lilivyowahi kusoma

Wazee wa wilaya hizi wanalifahamu jambo hilo kuliko wajukuu wao. Kati ya 1968 na 1972 mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo tangu 1979 inaitwa Kagera, ilikuwa uwanja wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, mradi uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake vilipangwa kufuata kazi za watu: pamba, migomba, ufugaji, uvuvi, maarifa ya nyumbani. Mtu mzima hakuanza na maneno ya kitoto. Alijifunza herufi ndani ya maneno aliyokuwa akiyatamka shambani kila siku, na siku alipoweza kusoma sentensi nzima, sentensi hiyo ilikuwa na jambo la kumfaa asubuhi inayofuata. Mwaka 1974 kanda hii ikapata gazeti lake la vijijini, *Elimu Haina Mwisho*, ili waliohitimu kisomo wasisahau herufi kwa kukosa cha kusoma.

Matokeo yake yanahesabika. Mwaka 1967, kati ya Watanzania wazima 100, takriban 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mtihani wa taifa wa 1975 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 39.

Katikati ya miaka hiyo ikaja kampeni ya *Mtu ni Afya*, mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi nchi nzima kwa majuma 12. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, kijitabu na redio. Kipindi kilisikilizwa, sura ikasomwa kwa sauti ili na asiyejua kusoma asikie, watu wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya kabla ya kukutana tena: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Miaka miwili baadaye ikafuata *Chakula ni Uhai*, na mwaka 1980 *Misitu ni Mali*. Kwa mizani ya wakati wowote, hizo zilikuwa klabu kubwa za vitabu, na wanachama wake walitoka mkutanoni wakielekea kwenye majembe.

Ngara yenyewe iliendeleza sehemu ya desturi hiyo kwa njia yake. Mwaka 1995, wakimbizi wakiwa wamejaa wilayani, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, na jina lenyewe lina maana ya kutumaini. Kwa hiyo viungo vitatu vya zamani bado vinaweza kukutana: redio inayosikika milimani, watu wanaokusanyika, na maandishi ya Kiswahili. Kinachokosekana mara nyingi ni hicho cha tatu.

Rafu ya kwanza: mtu na nafsi yake

Vitabu vingi vya kujiendeleza vinavyouzwa leo katika miji ya Tanzania vimetoka mbali. *Rich Dad Poor Dad* cha Robert Kiyosaki, kilichotoka mwaka 1997, kina somo moja zuri ambalo mkulima wa kahawa hulielewa upesi: kuna mali inayomletea mwenyewe fedha na kuna mali inayomnyang'anya, na watu wengi huzichanganya. Reginald Mengi naye alichapisha mwaka 2018 kitabu cha maisha yake, *I Can, I Must, I Will*, miezi michache kabla ya kufariki. Kwa kijana anayesoma Kiingereza vizuri, hicho kina faida ya kuhadithia mafanikio yaliyoanzia katika umaskini wa kijiji cha Tanzania.

Lakini kitabu cha kufungulia rafu hii ni chembamba kuliko vyote. Mwaka 1962, nchi ikiwa changa, Julius Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho *Tujisahihishe*. Jina lake peke yake ni somo la sarufi na la maadili kwa pamoja. Vitabu vya kujiendeleza kwa kawaida husema na "wewe". Hapa mtendaji ni "tu", watu wengi, na anayesahihishwa ni "ji", wao wenyewe. Kijitabu kinautazama ubinafsi jinsi unavyoingia ndani ya chama, ndani ya mkutano, ndani ya kauli ya mtu anayepinga wazo zuri kwa sababu tu limetoka kinywani mwa asiyempenda. Kinadai kwamba ukweli upokewe bila kutazama cheo cha anayeusema.

Kijitabu hicho kisomwe na bodi ya chama cha msingi cha ushirika mahali popote. Mwenyekiti akae kimya, katibu asome, na baada ya kila ukurasa mjumbe mmoja ataje uamuzi wa mwaka uliopita uliopitishwa kwa kuoneana haya. Watu wazima wakijizoeza hivyo kwa majuma machache, watakuwa wamefanya kazi ngumu kuliko kukariri kanuni kumi za mafanikio.

Pembeni yake kiwekwe *Utubora Mkulima* cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo cha mwandishi. Utubora anaacha kazi ya biashara ya mjini na kwenda kijijini kulima kwa hiari yake, na hachukulii jambo hilo kama kushindwa maisha. Vijana wa Biharamulo wanaosubiri basi la kwenda Mwanza wana haki ya kukutana na mtu huyo. Si lazima wamfuate. Wamsikie tu akieleza kwa nini jembe linaweza kuchaguliwa na mtu mwenye akili na kalamu, kisha wabishane naye.

Rafu ya pili: ardhi, kuni na chungu

Siku za 28 na 29 Aprili 1994, kwa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa mji wa mahema kwa usiku mmoja. Kambi nyingine zikafuata, na kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996. Kila familia kambini ilihitaji kupika, na ilipika kwa kuni. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki, kisha hata visiki vikang'olewa. Wenyeji na wageni wakatembea mbali zaidi kila mwezi kutafuta mzigo mmoja.

Katika dhiki hiyo yalienea mafunzo madogo ambayo hayajazeeka hata leo. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kuloweka yamwagwe, yabandikwe kwa maji mapya. Kuni zipasuliwe nyembamba na zikaushwe kwanza. Chungu kifunikwe muda wote, na moto upunguzwe mara maji yanapochemka, kwa sababu maji yanayochemka kwa fujo hayana joto kuliko yanayochemka polepole. Jiko la udongo lizungushe moto chini ya chungu badala ya kuuachia upepo. Mama anayefanya mambo hayo manne hupika sufuria ile ile kwa kuni chache, na msitu haumjui lakini umepona kidogo kwa mkono wake. Mafunzo haya yanastahili kijitabu chake kipya, chenye picha, kwa ajili ya kila zahanati na kila shule ya wilaya hizi mbili.

Kwa anayetaka kusoma zaidi kuhusu kilimo, lipo jarida la *Mkulima Mbunifu*. Linatoka tangu mwaka 2011, kwa Kiswahili, na hueleza kilimo hai: mboji, kutandaza majani, kuzuia wadudu kwa mimea, kuhifadhi udongo wa miteremko. Ni maandishi ya kazi, na kikundi kinaweza kulisoma huku mtu mmoja ameshika koleo.

Kisha kuna kitabu kikubwa cha Ziwa lenyewe. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto na kushikamana hata jamaa walipotaka kuwatenganisha. Alikaa miaka mingi bila kumpata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Ndani ya kurasa hizo mna kilimo, uvuvi, mitishamba, adabu za ukweni na namna ya kukamua utamu wa ndizi mpaka ukawa pombe, yote yakielezwa hatua kwa hatua na mtu aliyeogopa kwamba wajukuu watasahau. Mhangaza wa Ngara au Msubi wa Biharamulo akikisoma atakutana na migomba anayoijua, na bila shaka atakatiza msomaji kila baada ya ukurasa kusema kwao hufanywa tofauti. Makatizo hayo yaandikwe, hasa yanayohusu miti. Tangu hifadhi ya Burigi-Chato ilipoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, mazungumzo juu ya msitu yamekuwa zaidi mazungumzo ya mipaka na watalii. Wazee wanaojua jina la kila mti na kazi yake wanahitaji kuulizwa wakiwa bado wapo.

Wanafunzi wa sekondari wapewe pia *Unbowed*, kitabu cha maisha ya Wangari Maathai kilichotoka mwaka 2006. Harakati yake ya kupanda miti nchini Kenya ilianza tarehe 5 Juni 1977 kwa miche saba tu. Idadi hiyo inaenea kwenye ua wa darasa lolote.

Rafu ya tatu: mizani na mkataba

Kagera ina neno lake kwa biashara isiyo na haki: butura. Mkulima anauza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ingali maua, kwa mtu mwenye fedha taslimu mkononi. Ada ya shule inadaiwa Januari, kahawa inaiva miezi baadaye. Mgonjwa hangoji msimu, na msiba hautoi taarifa. Bei inayokubaliwa ni ndogo mno, na mavuno yakifika mwenye shamba anakuwa kibarua wa kuchuma kahawa ambayo si yake tena. Serikali imepiga marufuku butura mara kwa mara, lakini shida inayoizaa haijui tangazo la serikali.

Kitabu cha kusoma hapa kilishatafsiriwa zamani. Mwaka 1969 Nyerere alitoa *Mabepari wa Venisi*, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, na alipochagua neno "mabepari" kwa ajili ya wafanyabiashara alikuwa tayari ametoa maoni yake. Antonio anatia saini mkataba wa mkopo kwa dhamana ya ratili moja ya nyama ya mwili wake, akiamini kwamba merikebu zitarudi mapema. Merikebu hazirudi. Watu wa Rulenge, wilayani Ngara, wakiigiza kesi hiyo, hawatahitaji mwalimu wa kuwaeleza ratili ya nyama ni nini. Watauliza lililo muhimu: mkataba uliotiwa saini kwa hiari unaweza kuwa dhuluma? Tamthilia hiyo pia imebeba dharau nzito dhidi ya Shylock kwa sababu ni Myahudi, na kikundi kisiipite kimya. Katika wilaya ya mpakani, iliyopokea majirani kwa maelfu na kusikia kila aina ya maneno juu yao, ni vyema watu wajadili jinsi chuki ya kabila inavyojificha ndani ya ugomvi wa fedha.

Kisha wasome *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Ndugu watatu wanarithi mali. Hasidi na Mwivu wanapoteza mtaji wao, Adili anawagawia tena wa kwake, nao badala ya shukrani wanamwonea wivu. Hadithi ina majini na watu waliogeuzwa manyani, kwa hiyo watoto watasikiliza. Wakubwa wataona ndani yake kila biashara ya familia waliyowahi kuiona ikivunjika.

Baada ya hadithi, zifuatwe sheria, kwa kuwa nazo ni usomaji. Gunia la mazao lenye kilemba cha kamba juu, yaani lumbesa, limezoeleka mpaka likaonekana desturi, wakati sheria ya vipimo inaweka kikomo cha kilo 100. Mkulima anayejua hivyo hubishana na mnunuzi akiwa na karatasi mkononi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini, hivyo kisingizio cha Kiingereza kinazidi kupungua.

Sheria hizo zina uzito wa pekee hapa. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, Biharamulo, ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa shirika la umma, STAMICO. Ngara ina nikeli ya Kabanga, ambayo mkataba wake wa Januari 2021 uliipa serikali hisa za asilimia 16. Sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi ya 2015 inataka mikataba na taarifa za malipo ziwekwe wazi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa. Nyaraka hizo ni ndefu na hazina mapambo. Lakini anayeishi jirani na shimo ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kuzisoma.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, kiliuza kahawa kwenye soko la haki, na sehemu ya fedha ya ziada iliyotoka huko ikatumika kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa ya unga kilichopo Bukoba. Wakulima waliozoea kuuza punje wakawa na sehemu yao katika kikombe. Historia hiyo inangoja mtu wa kuiandika kwa Kiswahili chepesi, kitabu cha kurasa mia, pamoja na makosa yake yote.

Majuma kumi na mawili

Pendekezo la mhadhara huu ni dogo na linaweza kuanza msimu huu. Watu ishirini wa kitongoji kimoja, nakala mbili za kila kitabu, taa moja, na msomaji mwenye sauti. Utaratibu uwe ule ule wa 1973: kusikia, kujadili, kuamua, kutenda, kurudi. Juma la kwanza na la pili ni la karatasi ya mnyauko na *Tujisahihishe*. La tatu hadi la sita ni la *Mkulima Mbunifu*, jiko na maharage, na sura chache za Kitereza. La saba hadi la kumi ni la Venisi, Adili na lumbesa. La kumi na moja ni la sheria ya ardhi, na afisa mtendaji wa kijiji aalikwe kama msikilizaji. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kutunza vitabu, na redio ya wilaya inaweza kurusha kipindi kinachoendana na sura ya juma.

Juma la kumi na mbili halina kitabu. Kikundi kitaleta daftari jipya na kuandika chake, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kihangaza au Kisubi pale neno la Kiswahili linapokosekana. Ukurasa wa kwanza uwe juu ya migomba: mnyauko ulionekana lini, ulianzia shamba la upande gani, mashina mangapi yalikatwa, na panga la nani lilikwenda kwa nani siku ile, bila kumlaumu mtu. Nakala ya pili ipelekwe kitongoji cha ng'ambo ya bonde, kabla mtu wa huko hajaja kuazima panga.